Simu Zilizohasiwa za Tumati

Siku tatu kabla ya dirisha la kujiandikisha kufungwa, Eva Bura alifungua kompyuta yake katika chumba alichopanga Mbulu mjini, akawahesabu washiriki wa mashindano ya kulima kwa maksai, kata moja baada ya nyingine. Alipofika Tumati akakuta sifuri. Akahesabu upya, ingawa sifuri haina njia ya pili ya kuhesabiwa.

Ingekuwa kata nyingine angesema labda watu wamechoka, au ng'ombe wamekonda mwaka huu. Lakini Tumati! Huko mtoto hujua kushika plau kabla hajajua kushika kalamu. Huko ndiko alikozaliwa yeye mwenyewe, na ndiko alikokuwa baba yake, mzee Hermani Bura, bingwa wa mashindano hayo mara mbili. Mzee aliutaka ushindi wa tatu, na aliutaka mwaka huu huu, kwa sababu mwaka mwingine haukuwapo. Maksai wake wawili, Subira na Diwani, walikuwa wamezeeka. Subira alianza kuburuta mguu wa nyuma, na mzee alikwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba baada ya mashindano haya atawavua nira, wakae wale majani hadi siku zao ziishe, na yeye mwenyewe atatundika mjeledi ukutani.

Kilichomuuma Eva zaidi ni kwamba tovuti ya kujiandikishia ilikuwa yake. Miaka yote majina yaliandikwa kwenye daftari lililokaa mjini kwa katibu wa kamati, na katibu yule, Mungu amsamehe, alikuwa na ndugu wengi. Kuna mwaka alimwandika mtu aliyekuwa ameshazikwa, na marehemu akapangiwa shamba la kulima. Eva alipomaliza chuo akasimama mbele ya kamati akasema daftari litupwe. Mwenyekiti, Bi. Odilia, afisa ugani aliyehamishiwa Mbulu kutoka Songea, mwanamke asiyependa mambo ya kona kona, alikubali papo hapo. Kanuni wakamwachia Eva aziandike, naye akaandika kwa wino mzito: kila mtu atajiandikisha kwa simu yake mwenyewe, hakuna kumwandikisha mwingine, mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni, na hakuna nyongeza.

Na tovuti yenyewe ilikuwa tamu kuitazama. Ukiifungua, picha ya maksai wawili inatikisa vichwa. Ukigusa kata, ramani inafunguka. Ukianza kuandika kijiji, jina linakuja lenyewe kabla hujafika katikati. Kamati ilipoonyeshwa ilipiga makofi, na Eva akavimba kichwa kidogo. Tusimlaumu, nani asingevimba?

Akampigia baba yake simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi haijakuua?"

"Bado, baba. Baba, mbona hujajiandikisha?"

"Nakusubiri wewe."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye unayeandika? Kila asubuhi nikimaliza kukamua nafungua ukurasa wako. Naukuta mweupe. Wenzangu wakaanza kunung'unika, nikawaambia tulieni, binti yangu bado hajapakua."

Eva akakaa chini, na bahati yake kitanda kilikuwa karibu. Wiki tatu nzima tangu dirisha lifunguliwe! Wiki tatu wakulima wa Tumati walikuwa wakifungua ukurasa mweupe kila kulipokucha, wakiutazama kwa heshima, wakiufunga, wakienda shambani. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza. Watu wa mahali pengine wangeshatukana siku ya kwanza. Watu wa Tumati walilelewa kwamba ukialikwa mahali huulizi chakula kitaiva lini, unakaa tu unasifia moshi.

Akampigia Bi. Odilia kuomba wiki moja ya nyongeza. Bi. Odilia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Eva, hiyo kanuni ya kutokuongeza siku aliandika nani?"

"Mimi."

"Haya basi, mwanangu. Ijumaa saa kumi."

Jumatano asubuhi Eva alikuwa nyuma ya bodaboda, ukungu umeshika barabara, meno yanagongana. Kufika nyumbani hakunywa hata chai. Aliomba simu ya baba yake, akafungua ukurasa. Mweupe kama shuka la hospitali. Akafungua kwa simu yake akiwa amesimama pale pale, na maksai wakatikisa vichwa kwa furaha. Akaomba simu ya mama yake. Mweupe. Ya jirani, mweupe pia. Mtandao ulikuwepo, simu zilikuwa nzima, WhatsApp zilikuwa zinaingia. Ndipo akaingia kwenye mipangilio ya simu ya baba yake, akashuka taratibu, hadi akafika palipoandikwa JavaScript. Pamezimwa.

Kwa asiyeijua, JavaScript ni amri zinazokuja pamoja na ukurasa, na zikishafika zinaifanyisha simu kazi: picha icheze, ramani ifunguke, tangazo liruke. Ukurasa wa Eva ulijengwa wote kwa amri hizo, kuanzia msingi hadi bati la juu. Simu ikikataa kuzitii, hakuna nyumba, kuna kiwanja kitupu.

"Baba, nani amegusa hapa?"

"Fundi Renatus," mzee akasema. "Ameihasi."

"Ameifanya nini?"

"Ameihasi. Zote za Tumati zimehasiwa. Sasa zinatulia."

Fundi Renatus alikuwa na duka la kutengeneza simu pale senta ya Tumati, lakini kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuhasi madume ya ng'ombe, yaani kuyaondolea udume yatulie yawe maksai. Nyonga ilipoanza kumsumbua, kazi ya kukimbizana na mafahali akaiacha, akajifunza simu, maana simu haipigi mateke. Koleo lake la kuhasia bado lilitundikwa dukani, juu ya chaja. Miaka miwili iliyopita simu ya katekista ilifunguka yenyewe katikati ya kikao cha parokia ikaonyesha mwanamke asiye na nguo za kutosha, na katekista akakaribia kuzimia. Siku hiyo hiyo aliipeleka kwa Renatus. Fundi akaichunguza mipangilio moja moja, anazima hiki anajaribu, anazima kile anajaribu, mpaka akaigusa JavaScript. Matangazo yakanyamaza. Bando lililokuwa likiisha kwa siku mbili likakaa wiki. Habari zikaenea, na kufikia mavuno hapakuwa na simu Tumati iliyobaki dume.

Eva akacheka, hakuweza kujizuia. Kisha akakumbuka ni Jumatano, kicheko kikakatika.

"Baba, mimi naiwasha sasa hivi. Unajaza, tunamaliza."

Akaiwasha. Maksai wakatokea, wakatikisa vichwa, na mzee Hermani akafurahi kama mtoto, akamwita mkewe aje aone. Lakini kumbe ule ukurasa wa habari za mpira ambao mzee aliuacha wazi tangu juzi nao ulikuwa umeamka. Tangazo la kubeti likaruka mbele ya maksai. Mzee akaligusa ili alifukuze, likazaa mengine mawili, moja likiwa na muziki. Kabla hawajampata mama wa matangazo yale, ujumbe ukaingia: ndugu mteja, bando lako limekwisha.

Mzee akaishika simu mbali kidogo na mwili wake. "Hii simu ilikuwa na tabia nzuri," alisema. "Umeiharibu."

"Nitakununulia bando, baba. Dakika tano tu, unajaza, halafu naizima tena."

"Na wenzangu?"

"Wenzako nitawaambia wawashe."

"Wako juu ya vilima vyote hivi, Eva. Utamfikia nani kabla ya Ijumaa? Na ukimfikia, atakubali? Wameyaona ya katekista."

"Basi uingie wewe peke yako! Si ndio mwaka wako wa mwisho?"

Mzee Hermani akairudisha simu mfukoni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Eva. "Niingie mimi peke yangu kutoka Tumati nzima," alisema, "nimefunguliwa mlango na binti yangu mwenye mashindano. Nikishinda, nitakuwa nimemshinda nani? Kama mlango haufunguki kwa wote, Subira na Diwani wapumzike tu." Akaenda zake kuwapa ng'ombe maji.

Eva alibaki pale kibarazani, machozi yanamlenga. Alikuwa amelikataa daftari ili baba yake na watu kama baba yake watendewe haki, na sasa ni yeye aliyewafungia nje, tena kwa ufundi wake mwenyewe. Mama yake akamletea chai ya maziwa akasema, "Nenda kwa fundi. Aliyefunga ndiye anayejua kufungua." Mama alikosea kidogo, kama tutakavyoona, lakini ushauri ulikuwa mzuri.

Alimkuta Renatus mezani, miwani puani, amefungua tumbo la simu ya mtu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, binti wa Hermani. Nasikia umerudisha dume moja leo, likavunja zizi."

Habari Tumati hazihitaji mtandao. Eva akamweleza yote, akaomba: je, fundi hawezi kuwatangazia watu waje wawashiwe hadi Ijumaa tu?

"Siwezi," Renatus akasema. "Mtu ameniamini nimtulizie simu, nikaituliza, halafu nimwite nimwambie nimeghairi? Lakini hebu nikuulize kitu, maana mimi sikusoma." Akachukua simu yake, simu iliyohasiwa kama zote, akafungua ukurasa wa masomo ya misa. Ukaja wote, maneno yamepangika. Akafungua mwingine wa matokeo ya mitihani ya shule. Ukaja. "Hawa wanavuta bila hiyo JavaScript. Wako kwa nini hawezi?"

"Wangu una mambo mengi, fundi. Una ramani. Picha zinacheza. Majina yanajileta yenyewe."

"Sisi hapa hatujui kata yetu mpaka tuonyeshwe ramani?"

Eva akaitazama ile simu ya fundi.

"Unataka kujua nini kwetu?" fundi akaendelea. "Nihesabie."

"Jina. Namba ya simu. Kata. Jina la maksai wa kulia, jina la wa kushoto."

"Maswali matano na kitufe cha kutuma. Mwanangu, maksai wa kulima anahitaji kucheza ngoma?"

Alivyolisema, bila ubaya, huku akirudisha kifuniko cha simu, Eva alijisikia uso unawaka. Kwa sababu alijua. Somo la kwanza kabisa la chuo lilikuwa fomu: maswali, kitufe, na kivinjari chenyewe hupeleka majibu kwenye seva, ile kompyuta inayoitunza tovuti, bila kusaidiwa na mtu. Fomu imeweza hivyo tangu kabla yeye hajazaliwa. Ni yeye aliyeifunika kwa mapambo mpaka ikasahau kutembea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za fundi Renatus siku ile zilikuwa nyingi kuliko za mwenye cheti.

"Fundi," alisema, "una simu ngapi hapa?"

Renatus akavuta droo. Zilikuwamo kumi na saba: zenye vioo vilivyopasuka, za wateja waliosahau kuzifuata, na vitochi vya vitufe vyenye kivinjari kidogo cha kuonea aibu. "Na zote," alisema kwa fahari, "zimetulia."

Eva akahamia pale. Alikaa kwenye benchi la wateja hadi jioni, na Alhamisi akarudi kabla duka halijafunguliwa. Aliiandika upya kazi yake kwa kuanzia chini. Safari hii seva ndiyo ingetengeneza ukurasa mzima na kuutuma ukiwa tayari umeiva, na simu isingekuwa na la kufanya ila kuuonyesha. Zile picha na ramani hakuzitupa. Aliziweka juu kwa wale wenye simu zinazozikubali, na wasiozikubali wasikose hata swali moja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzito wa kumaliza bando la siku. Huu mpya ulikuwa mwepesi kuliko picha moja ya kikombe cha chai.

Kufika saa nne Alhamisi ukafunguka kwenye simu zote kumi na saba, vitochi vikiwamo. Eva akapiga kelele, mbuzi wa senta wakashtuka. Lakini kujaribu kwa fundi ni kujaribu, na kujaribu kwa mkulima ni mtihani. Wa kwanza kupewa alikuwa mzee Octavian, jirani wa duka, mwenye vidole vinene vilivyozoea mpini. Alijaza kwa dakika kumi, herufi moja moja, ulimi nje. Akasahau kata. Akatuma. Ukurasa ukarudi ukimwambia ataje kata, na kila alichoandika kimefutika.

"Majina ya ng'ombe wangu umeyapeleka wapi?" akauliza Octavian, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa ng'ombe wenyewe.

"Pole, mzee wangu. Kosa ni langu. Nipe dakika chache."

Akarekebisha. Ukurasa uliokosewa sasa ulirudi na majibu yote ya mwanzo yakiwa mahali pake, na juu yake sentensi moja: umesahau kata. Octavian akajaza tena, akatuma. Mtandao ukasuasua, naye hakuwa mtu wa kungoja, akabonyeza tena, na tena. Kwenye kompyuta ya Eva wakatokea Octavian watatu.

"Maksai sita!" mzee akashangilia alipoonyeshwa. "Leo nimekuwa tajiri!" Duka zima likavunjika mbavu.

Eva akarekebisha na hilo, ili namba moja ya simu ihesabiwe mara moja hata ikitumwa mara mia. Ilipofika mchana watu walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja ameshika simu yake, na hakuna aliyekuwa ameitwa. Wengine walikuja kujaribu tu kuikosesha. Mmoja aliandika jina la mke wake mahali pa maksai wa kushoto, akaulizwa na wenzake kama mke mwenyewe anajua. Eva alisimama katikati yao, nywele zimevurugika, koo limekauka kwa kucheka, na akagundua kwamba tangu siku aliyopigiwa makofi na kamati hakuwahi kuifurahia kazi yake kiasi kile.

Baba yake hakuonekana dukani. Mzee Hermani alisikia yote akiwa nyumbani, akasema atafungua ukurasa kesho akimaliza kukamua, kama siku zote.

Ijumaa alfajiri alikamua, akanawa, akakaa kibarazani akavaa miwani. Eva akakaa pembeni yake, mikono ameibana magotini, kwa sababu kanuni ni kanuni. Mzee akafungua. Duara dogo likazunguka juu ya kioo, na Eva akaomba sala fupi isiyo na mpangilio. Kisha maneno yakaja, meusi, makubwa, yamenyooka.

"Jina," mzee akasoma kwa sauti. "Hermani Bura. Namba ya simu. Hii hapa. Kata. Tumati. Maksai wa kulia. Subira. Wa kushoto." Akainua macho akalitazama banda. "Diwani."

Akabonyeza mara moja, akangoja. Ukurasa ukageuka: Karibu, Hermani Bura wa Tumati. Umeandikishwa. Namba yako ni themanini na nne.

Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Umepakua," alisema. Eva akamkumbatia shingoni, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo, na wote wawili wakaona aibu kidogo, na mama akawapita na ndoo akijifanya hajaona.

Saa kumi jioni dirisha lilifungwa. Tumati walikuwa thelathini na wanane. Eva alipokuwa akiipitia orodha kabla ya kumtumia Bi. Odilia akaona majina matatu kutoka Yaeda Chini, akadhani ni makosa. Yaeda Chini haijawahi kuleta mtu. Ni kule chini bondeni, njia mbaya, mtandao wa kudandia, na daftari lilikuwa mjini, mwendo wa siku nzima kwenda kuandika jina tu. Akaangalia vizuri: namba za simu zilikuwa za kweli, mojawapo ilitumwa kwa kitochi. Mtu fulani alimtumia mtu fulani anwani ya ukurasa, nao ukawa mwepesi kiasi cha kushuka hadi bondeni. Jina la kwanza kati ya matatu lilikuwa Gidahosh. Eva akatabasamu, akatuma orodha.

Siku ya mashindano jua lilitoka mapema na ukungu ukaondoka bila kubembelezwa. Uwanja wa kulimia ulikuwa nje kidogo ya mji, umepimwa vipande sawasawa, na watu wamejaa mpaka kwenye miti. Kila mshiriki hulima mifuo mitano, ile mistari inayoachwa na plau. Majaji hunyoosha kamba juu ya mfuo, hupima kina kwa fimbo, na hutazama kama ng'ombe wametulia au wamelazimishwa. Fundi Renatus alikuja na kiti chake mwenyewe kwa ajili ya nyonga. Octavian aliingia na maksai wawili tu, akitaniwa wale wanne amewaacha wapi.

Mzee Hermani alilima kama mtu anayeaga. Subira alisahau mguu wake, Diwani alivuta bila kuinua kichwa, na udongo ulilala upande mmoja kwa unyoofu uliomfanya Eva ashike mdomo. Majaji wakanyoosha kamba, na kamba ikaachana na mfuo kwa upana wa vidole viwili tu, mwishoni kabisa. Watu wakapiga vigelegele. Hapakuwa na aliyemkaribia. Mzee akasimama kando, kofia mkononi, akingoja taratibu za mwisho zimalizike.

Ndipo akaitwa Gidahosh wa Yaeda Chini. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, shuka begani, amepanda na maksai wake kutoka bondeni kwa siku mbili, na maksai wenyewe walikuwa wadogo, wa rangi ya vumbi. Watu wachache walicheka. Hakuwa na mjeledi. Alishika plau, akapiga mluzi mdogo, na wale ng'ombe wakaondoka pamoja kama wana mguu mmoja. Kila walipofika mwisho wa mfuo walijigeuza wenyewe kwa mluzi, bila kukanyaga udongo uliolimwa. Waliocheka wakasogea mbele kutazama. Majaji walipoleta kamba, iliulalia mfuo tangu mwanzo hadi mwisho, pasiwe na pa kuingiza kidole.

Bi. Odilia akatangaza. Bingwa ni Gidahosh. Wa pili ni Hermani Bura.

Eva akaikumbuka orodha aliyoituma akitabasamu. Mtu huyu hakuwapo katika mwaka wowote wa daftari. Kama Eva angeuacha ule ukurasa wake mzito, kijana asingekuwapo na leo. Ni yeye, mtoto wa mzee, aliyemfungulia mtu wa kumnyang'anya baba yake ushindi wa mwisho. Akapenya kati ya watu hadi kwa baba yake, ambaye alikuwa bado ameikodolea macho ile mifuo ya mwenzake.

"Baba, pole. Baba, ni mimi niliyemleta."

"Mara mbili niliitwa bingwa wa Mbulu," mzee alisema. "Kumbe nilikuwa bingwa wa walioweza kufika mjini kuandika jina." Eva akataka kusema kitu, mzee akamgusa bega kumnyamazisha, na alipogeuka, uso wake ulikuwa unameremeta. "Lakini uliona walivyogeuka? Bila mjeledi! Miaka hamsini nashika plau, Eva, sijaona kitu kama kile. Nimeshindwa vizuri, mwanangu. Nimeshindwa vizuri mno."

Akavaa kofia akaenda kwa Gidahosh. Kijana alipomwona akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Huo mluzi ulimfundisha ng'ombe akiwa na umri gani?"

Gidahosh akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akaanza kueleza, na wale wawili wakaondoka polepole kuufuata mfuo, mzee akiinama kila hatua chache kugusa udongo na kuuliza tena, kijana akipiga mluzi kumwonyesha, mzee akijaribu na kutoa upepo mtupu. Walipofika mwisho wa shamba walipeana mikono mara tatu, wakageuka, wakarudi bado wanaongea.

Eva aliwangoja pale kamba ilipoanzia, ameshika nira ya Subira.

"Hawa kuanzia leo wapumzike," baba yake akasema alipofika, akimpapasa Subira shingo. "Lakini nina ndama wawili wa mwaka jana pale nyumbani. Nawaanza Jumatatu." Akajaribu mluzi mara nyingine, na safari hii ukatoka, mwembamba, wa kukwaruza, na Diwani akasimamisha masikio. "Na mwakani, Eva, huo ukurasa wako uufungue mapema. Nina mtu wa kumshinda."